Kigelegele cha Upande Mmoja

Fundi wa nguo, jirani yetu pale Voi, alikuwa na ulimi mkali kuliko makasi yake, hadi asubuhi moja mwaka wa sabini na nne alipoamka uso umepooza upande wa kushoto. Tangu hapo alijifunika leso mdomoni, akawajibu wateja kwa kichwa, na chai akawa anainywa akiangalia ukuta. Harusini hakukanyaga tena, yeye aliyekuwa akialikwa hadi vijiji vyote vya Chawia kwa sababu ya vigelegele vyake. Harusi ya Wakio, binti wa kaka yake, alienda kwa sababu gauni alilishona yeye, akakaa kiti cha nyuma. Wakati wa kutoka kanisani, bibi harusi akasimama mbele yake.

“Shangazi, sitoki mpaka unipigie kigelegele.”

“Kwa mdomo huu? Nitawatemea wakwe zako.”

“Watemee. Wamenung'unika tangu asubuhi.”

Akaitoa leso, akalibana shavu lililolegea kwa vidole viwili, akapiga. Sauti ikatoka imepinda, na mate yakatua kwenye miwani ya mzee wa kanisa. Watu wakaangua kicheko. Yeye akawashinda wote kwa kucheka, nusu ya uso ikipanda, nusu imenuna.

“Samahani, mzee,” akasema, akimpangusa miwani. “Huu upande mwingine haujaokoka.”