Baiskeli Iliyoifuata Mvua

Harufu inayonirudisha utotoni si ya uvumba wala ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa, ingawa wageni wakija Garissa hutarajia tuseme hivyo. Ni harufu ya mpira wa tairi uliookwa na jua tangu asubuhi, kisha ukanyeshewa ghafla. Ilikuwa ikiingia nyumbani kwetu Galbet kabla ya baba mwenyewe. Mama akiisikia aliinuka bila kuambiwa, akaongeza makaa jikoni, maana alijua kuna nguo za kukausha. Baba alikwenda kazini kwa baiskeli, na katika msimu ninaoukumbuka, mvua za vuli tunazoziita deyr, hali ya hewa ilikuwa na vituko kama mtoto aliyedekezwa. Alfajiri kulikuwa na ubaridi wa kumfanya mtu ajikunyate. Jua likipanda kidogo, upepo uliamka na vumbi lake jekundu. Adhuhuri joto lilikaa juu ya mabati kana kwamba limepanga chumba. Halafu, bila hodi, wingu moja lilimwaga maji mtaa wa pili, sisi tukabaki wakavu tukiwasikia watoto wa wenzetu wakipiga kelele za furaha. Baba aliyapitia hayo yote juu ya tandiko moja, kwenda na kurudi.

Hakuzaliwa na baiskeli. Alizaliwa na ngamia, na alikaa na ngamia hadi ukame ulipomwachia kengele zao za mbao tu. Akaja mjini na mama, mimi nikiwa mgongoni. Baiskeli aliinunua kwa fundi mmoja sokoni, kuukuu, nyeusi, nzito, na alijifunza kuiendesha akiwa mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya macho ya watu. Kwetu hakuna asiye na jina la utani, na jina hilo hutafutwa pale panapouma. Kiwete huitwa Kiwete hata akiwa tajiri. Baba akawa Dahir Baaskiil, yaani Dahir wa Baiskeli. Wenzake waliokuwa wakinywa chai kando ya njia walimpigia kelele akipita: "Baaskiil, ngamia wako huyo anakamuliwa saa ngapi?" Baba alicheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye keria nyuma yake, mikono kiunoni mwake, na nilihisi jinsi mgongo wake ulivyokakamaa.

Alinishusha shuleni, karibu na daraja la Tana, kisha akavuka ng'ambo kwenda shambani kwa Bwana Kilonzo, mtu wa kutoka upande wa Mwingi aliyekodi ardhi ukingoni mwa mto akilima tikiti maji, mapapai na vitunguu. Kazi ya baba ilikuwa mashine ya kuvuta maji. Aliiwasha asubuhi, akaijaza dizeli, akaizima jioni. Kwa sababu ya wezi, mashine ilifungwa kwa mnyororo mnene kwenye shina la mti mkavu, na ufunguo wa kufuli ulikuwa mmoja tu, ukining'inia kwa kamba shingoni mwa baba. Bwana Kilonzo alimpa agizo moja kubwa kuliko yote: ukiona maji yamekuwa mekundu na yanabeba vijiti, fungua mnyororo, ita watu, vuteni mashine juu. Mshahara wa kazi hiyo ndio ulionilipia shule. Baba na mama hawakujua kusoma, na jioni walinitazama nikifungua kitabu kana kwamba nilikuwa nikimkamua ngamia aliyewashinda wote.

Tope la kando ya mto ni jeusi na linanata. Likijaa kwenye madigadi, gurudumu halizunguki tena. Kwa hiyo baba aliyang'oa madigadi, akachonga kijiti cha kuchokolea tope na kukichomeka kwenye keria, ubavuni mwangu. Mvua ikitukuta njiani alivua viatu, akavifunga kwenye usukani, akalifunika tandiko kwa mfuko wa nailoni, yeye mwenyewe akalowa. Siku moja nilimuuliza, "Aabo, mbona unafunika baiskeli, hufuniki kichwa chako?" Akasema, "Kichwa kinakauka chenyewe." Hakuwahi kuchelewa kazini, si kwa vumbi, si kwa mvua. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walisema mengi.

Kaka yake mkubwa, Adeer Barre, alikuwa hajaiacha nyika. Adeer ndivyo tunavyomwita ndugu wa baba. Alikuwa amebaki na ngamia wachache na mbuzi wenye mbavu za kuhesabika, na mvua ilikuwa imewakataa kule walikokuwa. Jioni moja baada ya magharibi alikuja kwetu, akakaa kwenye mkeka uani, akanywa chai ya maziwa. Mbali sana, upande wa Bura, umeme ulikuwa ukimulika bila sauti. Kwa mfugaji, umeme wa mbali haukimbiwi. Mtu wa mjini akiona mvua hutafuta paa, mfugaji huifuata. Lakini huwezi kuhamisha mifugo iliyodhoofika kwa kubahatisha, kwa hiyo hutumwa mtu mmoja mwepesi akaone kwa macho yake kama ardhi imelowa kweli, na arudi na ushahidi. Kazi hiyo tunaiita sahan. Anayetumwa na mkubwa wake hakatai.

"Walaal," Adeer Barre alimwambia baba, yaani ndugu yangu, "vijana wangu wamechoka. Wewe una baiskeli. Kwa miguu ni siku mbili, na ngamia hawana siku mbili."

Mama alikuwa akimimina chai. "Na kazi yake?" akauliza.

"Kazi iko kesho," Adeer alisema bila kumtazama. "Nyasi ikiliwa na wengine, kesho haiko."

Baba alikuwa akiutazama ule umeme, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona juu ya baiskeli. Kwa mara ya kwanza tangu aje mjini, kuna mtu aliyemwomba afanye jambo alilozaliwa kulifanya. Mimi nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona.

Asubuhi mama aliushika usukani. "Basi uache huo ufunguo shambani, Dahir." Baba akatazama juu kuelekea mtoni. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. "Nivuke daraja kuupeleka, nipoteze asubuhi yote?" alisema. "Tazama, hakuna hata wingu. Kabla ya alasiri nimerudi." Akanisugua kichwani, akapanda, akashika njia ya Bura. Siku hiyo nilikwenda shule kwa miguu.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini aliyetunga methali hiyo hakukaa kando ya Tana. Maji ya mto wetu hayatoki kwenye mbingu yetu. Yananyesha huko milimani, kwa watu tusiowajua, kisha yanatushukia chini ya jua kali wakati sisi tunalalamika vumbi. Baba aliijua kila rangi ya wingu na kila upande wa upepo. Mto hakuujua, maana alikuwa na miaka michache tu kando yake. Kabla hatujatoka darasani saa sita, watu walikuwa wamejaa darajani. Nilijipenyeza hadi kwenye vyuma, nikatazama ng'ambo. Maji yalikuwa mekundu na mapana, yakibeba matawi mazima. Wafanyakazi wa Bwana Kilonzo walikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, mmoja akipiga kufuli kwa jiwe, mwingine akiukata ule mti mkavu kwa panga. Bwana Kilonzo alisimama juu ya ukingo, mikono kichwani, akiita jina moja tu. "Dahir! Dahir yuko wapi?" Watu wa darajani nao wakaanza kuulizana, "Dahir yupi?" na mtu akajibu, "Baaskiil." Maji yalipofika kifuani, wale wanaume walitoka. Mashine ikazama taratibu, ikiwa imefungwa vizuri kabisa, kama baba alivyoiacha.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Aliyesema hivyo hakuuona Tana siku ile.

Baba hakurudi kabla ya alasiri. Alirudi kesho yake karibu na adhuhuri, akiwa ameibeba baiskeli begani, maana tope lilikuwa limeyashika magurudumu hadi kijiti kikavunjika. Alikuwa amepasuka midomo, na alikuwa akicheka. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi hata leo, kwamba alikuwa akicheka. Alifungua pindo la kilemba chake akatuonyesha donge la udongo mbichi. "Imenyesha!" alisema. "Imenyesha kweli, malambo yamejaa!" Mama aliutazama ule udongo, akautazama ufunguo shingoni mwake, akaketi chini. Adeer Barre, aliyekuwa amelala kwetu akimngoja, alilichukua donge, akalinusa, akamshukuru Mungu, akaondoka saa ile ile kwenda kuhamisha mifugo. Habari za mashine alikuwa amezisikia tangu jana. Hakumwambia baba hata neno. Aliacha tumwambie sisi.

Jioni Bwana Kilonzo alikuja mwenyewe hadi mlangoni. Nilitegemea atapiga kelele, na laiti angepiga. Alikuwa na tope kavu hadi magotini.

"Ulikuwa wapi, Dahir?"

"Bosi, mimi nilienda kuangalia mfua Bura," baba alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ndugu alinituma. Huku hakukuwa na wingu. Wallahi, hata moja."

"Nani amekuuliza mambo ya mawingu? Wewe nilikuambia uangalie mto."

Baba akautoa ufunguo shingoni, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mgeni kikombe. Bwana Kilonzo aliutazama. "Sasa hii nifungue nayo nini?" akauliza, akaondoka bila kuuchukua. Simlaumu. Alikuwa amekopa kununua mashine ile, na matikiti yake yaliungua kwa jua wiki hiyo hiyo, maji yakipita hatua chache kutoka kwenye mizizi.

Mshika mbili moja humponyoka, walisema majirani. Lakini baba hakushika mbili. Alishika moja, ile ya kaka yake, na tulioponyokwa ni sisi. Ngamia wa Adeer Barre walinenepa. Walizaa. Mwisho wa msimu alituletea shukrani yake: beberu mmoja. Baba alimchinja, majirani wakaja, wakala, wakamsifu Adeer kwa ukarimu. Tuliila kazi ya baba yangu kwa siku moja, na mifupa tukawatupia paka. Mwaka uliofuata sikwenda shule. Nilikaa sokoni na mama tukiuza maziwa ya ngamia, mengine yakitoka kwa Adeer yule yule, naye alitupimia kama alivyowapimia wengine. Baba alipata gari la punda la kusambaza maji mitaani. Baiskeli aliiegemeza ukutani na hakuipanda tena. Matairi yakachakaa pale pale, jua likiyachoma, mvua ikiyalowesha, na ile harufu haikutoka uani kwetu hadi yalipokwisha.

Nilirudi shule baadaye, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu darasani, na nilimaliza kwa jasho la mama. Baba alifariki nikiwa chuoni. Siku ya maziko, waliochelewa waliuliza ni Dahir gani, wakajibiwa kama siku ile darajani. Leo nina kazi ya ofisi, naendesha gari kwenye lami, na simu yangu huniambia mto utapanda kabla haujapanda. Mvua zenyewe zimekuwa na vituko kuliko zamani. Miaka mingine haziji kabisa, na katika mmoja wa miaka hiyo ngamia wote wa Adeer Barre waliisha. Wanawe wametawanyika, mmoja Dadaab, mwingine hatujui. Kwa hiyo Adeer anaishi kwangu. Namlisha, namnunulia dawa, namfulia, kwa sababu ni ndugu wa baba na watu wanatazama. Upendo sina, na sijui nitautoa wapi.

Wiki iliyopita, asubuhi na mapema, nilimkuta barazani amesimama na fimbo yake, akitazama upande wa Bura. Umeme ulikuwa ukimulika kule mbali, bila sauti. Mtu asiye na hata mbuzi mmoja. Macho yake yaling'aa.

"Hodan," aliniita, "imenyesha kule. Nani ataenda kutuangalizia?"

"Aliyekuwa akienda tulimzika, Adeer," nikamwambia.

Nikamwekea chai yake, nikachukua funguo zangu, nikaenda kazini. Nilifika mapema.