Siku Tuliyomwombolezea Chujio

Sote tulikuwa tumesimama, vichwa chini, tukimwombolezea Chujio kwa dakika moja ya ukimya, ndipo Chujio mwenyewe alipoingia kwa mlango wa nyuma, buti za mpira miguuni, akaninong'oneza, "Samahani, hiki kiti kina mtu?"

Nilinyoosha kidole mbele. Kwenye ukuta wa mbele picha yake ilikuwa imewashwa, kubwa kama mlango, ile ya mahafali akiwa na joho na kofia, na chini yake maneno "Pumzika kwa amani." Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Hee!" akasema, safari hii kwa sauti. "Kwani nimekufa?"

Ukumbi mzima uligeuka. Mhasibu mmoja, mtu mzima na kitambi chake, alirudi kinyumenyume mpaka akaketi juu ya shada la maua tulilokuwa tumeliandaa tulipeleke msibani. Daktari wa meno alianza kusali. Katibu aliangusha kipaza sauti, kikapiga mlio wa kupasua masikio.

Ngoja nieleze, maana najua mnaniona mwongo. Sisi wote pale tulisomeshwa chuo kikuu na mfuko mmoja wa ufadhili. Kila mwaka waliohitimu hukutana, na Katibu wa mfuko husoma habari za kila mmoja: nani kaoa, nani kajifungua, nani kapanda cheo, nani kafungua kampuni. Waliofariki huachwa mwisho. Watu hujiandaa kwa siku hiyo kuliko walivyojiandaa kwa harusi zao. Kuna mwenzetu alisomwa kuwa kapanda cheo mara mbili ndani ya mwaka mmoja, tukaja kugundua kile cha pili alijipandisha mwenyewe.

Chujio hakuwahi kusomwa. Katibu akimpigia simu kumuuliza habari zake, jibu lilikuwa lile lile: "Hakuna jipya." Jina hilo la Chujio tulimpa sisi chuoni, mimi nikiwa wa kwanza, kwa kuwa tulilala chumba kimoja na ninajua nilichokiona. Ukimsimulia jambo, atalipitisha kichwani taratibu, atatoa chumvi yote uliyotia, kisha atakurudishia kilichobaki, nacho huwa kidogo mno.

Hakuna jipya, eti! Mwanamke huyu alihitimu kemia kwa alama za juu, akaajiriwa kwenye maabara ya maji ya mji, akapewa kazi ya kuosha chupa, kwa sababu mkuu wa wakati huo aliamini wanawake hawafai kuzunguka na sampuli. Akaosha chupa. Akaziosha hivyo hivyo akiwa na shahada yake, na kila jioni akabaki kujifunza mashine ambazo wenzake walikuwa wanaziogopa. Walipompa sanduku la barafu na gari bovu akachukue maji kwenye mabomba ya sokoni, shuleni na hospitalini, hakuna tena aliyeweza kumrudisha kwenye sinki.

Na huyo huyo ndiye aliyefunga maji ya hospitali asubuhi ya uzinduzi wa wodi mpya, wakubwa wakiwa njiani na kamera zimeshapangwa. Sampuli yake ilikuwa imeota vijidudu. Alipigiwa simu na kila mwenye kiti cha kuzunguka, akawajibu wote jibu moja: "Njooni mnywe nyinyi kwanza." Hakuna aliyekwenda. Walipochimba wakakuta bomba la maji taka limepasuka, linatiririka juu ya bomba la maji safi. Baada ya hapo wakampa ukuu wa maabara, huku wengine wakiwa bado wamemnunia.

Sasa, mwaka huu mfuko ulitangaza nafasi ya kwenda kusoma shahada ya uzamivu ng'ambo. Nafasi yenyewe ilikuwa moja. Chujio aliomba, nami nikaomba. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, na niliitaka nafasi ile kufa kupona. Chujio akawa wa kwanza, mimi wa pili.

Katibu alimpigia kumpa habari njema, simu haipatikani. Ilikuwa imemponyoka Chujio ndani ya tangi alipokuwa anachota sampuli, jambo ambalo kwake ni la kawaida kama wengine wanavyopoteza kalamu. Ndiyo maana kila mahali huandika na namba ya mama yake, ambaye hupokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza. Katibu akaipiga hiyo. Kesho yake, siku moja kabla ya mkutano wetu, akanipigia mimi.

"Pole sana, na hongera," akaniambia kwa pumzi moja.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara ya shule nikalia. Nilimpigia Chujio, kimya, na kimya kile kikanithibitishia kifo chake. Nililia kwelikweli, na katikati ya kilio nikajikuta nawaza nitaazima sanduku la safari kwa nani. Ndivyo nilivyo, sitajipamba.

Turudi ukumbini. Chujio alikuwa ametoka vituo vya maji vya nje ya mji, ambako alikuwa kwa wiki nzima. Akavuka ukumbi kwa buti zake mpaka mbele kwa Katibu.

"Nani amekuambia nimekufa?"

Katibu akainama kuokota kipaza sauti. "Mama yako mzazi."

Nilisikia watu wakivuta pumzi.

"Alisema nini?"

"Alisema ni homa. Ghafla tu. Alisema mmeshazika, na kwamba... alikuvika gauni la kijani."

"Alilia?"

"Alilia sana, dada. Mpaka na mimi nikalia."

Uso wa Chujio ulikuwa mkavu. Nilimwona anavyolipitisha jambo lile kichwani kama kawaida yake, akatafuta chumvi ya kutoa, asiione. "Gauni la kijani," akasema polepole. "Lile analonikataza kwenda nalo kazini."

Kisha akauliza kuhusu nafasi, na hapo Katibu alianza kupekua makaratasi yake. Nafasi ilikuwa imeshahamishiwa kwangu. Taarifa ya kifo ilitolewa na mzazi, ikaingizwa, na bodi ingekaa Jumatatu kuidhinisha. Aliyetoa taarifa ndiye anayepaswa kuifuta, yeye mwenyewe kwa kauli yake.

"Na mimi niliyesimama mbele yako?"

"Ofisi haina ubaya na wewe," Katibu akasema, maskini, kwa heshima zote. "Lakini aliyeripoti ni mama."

Kuna aliyeangua kicheko, akakimeza haraka. Macho yote yakanigeukia mimi, mrithi wa marehemu. Nikachukua mkoba wangu nikamwambia Chujio, "Twende kwa mama."

Wanaishi nyumba moja, wao wawili. Tulimkuta mama jikoni anachambua maharage mezani. Aliniona mimi kwanza, na nguo zangu nyeusi, halafu akamwona bintiye nyuma yangu. Mkono wake ulisimama juu ya sinia.

"Mmeonana na watu wa mfuko," akasema.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana adabu ni adabu hata siku kama ile.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Chujio hakukaa. "Mama, umewaambia nimekufa."

"Nimewaambia."

Nilitegemea atakana. Nilitegemea atalia, au atasingizia simu mbovu, au angalau atainamisha macho. Alituangalia tu.

"Yule kijana alianza na hongera," mama akasema. "Kaka yako naye walimchukua hao hao, wakaanza na hongera hiyo hiyo. Walisema akimaliza anarudi. Amerudi? Ameoa, nimeoneshwa picha. Amezaa, nimeoneshwa picha. Wajukuu zangu wananipungia mkono kwenye simu kama wanampungia mtu anayepita na gari. Sijui hata vichwa vyao vinanukiaje. Kule ukumbini kwenu husomwa kuwa kijana wangu ana maendeleo, na watu hupiga makofi. Basi nilipoisikia ile hongera nikajua na huyu namzika. Nikamwambia kijana kile nilichokuwa nakiona."

"Ukanivika na gauni!"

"Ulitaka nikuzike uchi?"

Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda mpaka kooni, na papo hapo nikaona baridi mwili mzima, kwa sababu mama hakuwa anatania. Alikuwa amelifikiria gauni lile. Alikuwa amekaa jikoni pale, na maharage yake, akamchagulia mwanawe nguo ya kaburini.

Chujio alininyooshea mkono bila kunitazama. Nikampa simu yangu. Akapiga namba ya Katibu, akaiweka mezani katikati ya maharage, ikaanza kuita.

"Mwambie niko hai."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, huyu ndiye anakwenda," akasema, akinionesha mimi kwa kidole, "na mimi nabaki hapa na wewe. Nitakula chakula chako na nitalala chumba changu kile kile. Utakuwa unampikia uji maiti kila asubuhi. Chagua, mama."

Sijawahi kusikia mtoto akimwambia mzazi maneno kama yale, na natumaini sitasikia tena. Simu ilikuwa inaita. Niseme ukweli: niliomba akatae. Nilikaa pale kwenye kigoda cha mama wa watu, mgeni aliyekaribishwa vizuri, naomba kimoyomoyo mama amkane mwanawe aliye hai ili mimi nipande ndege.

"Halo?" sauti ya Katibu ikasema.

Akarudia: "Halo? Nani mwenzangu?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaiinamia simu kama watu wazima wanavyofanya, mdomo karibu kabisa na kioo. "Ni mimi, mama yake. Lile nililokuambia ni uongo. Mwanangu yu hai."

Katibu alishusha pumzi ndefu. "Asante sana, mama. Asante. Basi niandike kwamba yu hai, na kwamba wewe kama mzazi umeridhia aende?"

Mama alimtazama binti yake, kuanzia kichwani mpaka kwenye matope ya buti zake.

"Swali hilo hukuniuliza mara ya kwanza," akasema. "Wala kwa kaka yake hamkuniuliza. Ungeniuliza, baba, nisingemuua. Andika aende."

Chujio, ambaye siku nzima hakudondosha chozi hata mbele ya picha yake mwenyewe, alipiga magoti na buti zake, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake akalia kama mtu aliyefiwa. Mama naye akalia. Katibu alikuwa bado anasema halo, halo. Nikaikata simu yangu, nikageukia ukutani nikalia na mimi, na msiniulize nilikuwa namlilia nani.