Mkutano Tulioupikia Bila Kuitwa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sijaacha kuikumbuka, nayo ni ile tuliyoupikia mkutano ambao hatukuitwa. Ilikuwa hapahapa Kitaya, nami nikiwa binti wa umri kama wako. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na watu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi na watoto migongoni, wengine hawana hata kanga ya kubadili. Wazee wetu waliwapokea. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na isitoshe wengi wao walikuwa Wamakonde wenzetu. Mto uligawa serikali, haukugawa undugu.

Nyumbani kwetu alifikia binti mmoja, Atija. Tulilingana umri hata kimo, tukawa tunalala mkeka mmoja. Alikuwa mcheshi tukimenya muhogo, lakini akitumwa maji hujificha nyuma ya nyumba. Sikumuuliza. Mama alinikanya nisimchokonoe mtu kidonda.

Siku hiyo wanaume walikutana kwa mwenyekiti kuamua wageni wakae wapi, sisi wanawake tukawa jikoni uani, tunasonga ugali. Sauti zao zilitufikia. Tukasikia wamekubaliana wageni wapewe bondeni, kando ya mto, kwa kuwa ardhi ile haina mwenyewe. Atija akaweka mwiko chini. Akatueleza kwa sauti ndogo kwamba kwao yeye na dada yake walikuwa wakichota maji mahali kama pale, watu wenye silaha wakawakamata, na dada yake hakurudi. Akasema kama ni bondeni, basi yeye atavuka tena, akafie kwao.

Mkubwa wetu pale jikoni alikuwa Bi Zuhura, kungwi aliyetucheza unyago karibu wote. Alijifuta mikono, akakaza kanga kiunoni, akaniambia nimfuate.

Mwenyekiti alipomwona akauliza kama chakula kiko tayari.

"Chakula kiko tayari," akasema Bi Zuhura. "Sisi ndio hatuko tayari kupakua. Mmewapa watu bonde. Nani kati yenu huteka maji kule?"

Kisha akawaeleza aliyoyasikia, bila kumtaja Atija. Mzee mmoja akamkumbusha, kwa adabu, kwamba mambo ya ulinzi ni ya wanaume.

"Sawa," akasema. "Ulinzi ni wenu. Na msiba ukija, utakuwa wa nani?"

Yule mzee aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akaomba wanawake wote waje wakae. Ugali ulipoa, hakuna aliyelalamika. Ilipofika alasiri wageni walikuwa wamepewa mahali huku juu, katikati ya mikorosho yetu, na walinzi wa mto wakapangiwa saa ambazo wanawake huteka maji, si saa walizozipenda wao.

Tukirudi, Bi Zuhura aliniuliza kwa nini nilisimama nyuma yake bila kutoa hata neno. Nikamwambia niliogopa.

"Mimi wananisikiliza kwa ajili ya mvi," akasema. "Wewe jifunze kusema ungali na meno."

Atija alikaa nasi miaka. Amani iliporejea kwao akarudi, akaolewa, lakini kila baada ya mavuno alivuka kuja kunitazama. Mara ya mwisho alikuja kunialika unyago wa mjukuu wake. Siku haikufika, mambo yakaharibika tena ng'ambo. Hayo, mwanangu, umeyaona mwenyewe. Kijiji chao kilihamwa. Nimewauliza wachuuzi, nimewauliza wavuvi, nimewauliza wanawake wanaofika hapa na vifurushi kichwani. Kila mmoja anamjua Atija mwingine. Asubuhi nikikoroga uji, wakati mwingine namwita kwa jina aje kuonja, kisha nakumbuka.

Jana uliporudi kutoka mkutano wa Chikongola, kule mjini, uliniambia umechaguliwa katika kamati ya amani na usalama, na kwamba mlisomewa ahadi ya mataifa, kuwa wanawake wakae pale vita na amani vinapozungumzwa. Nilifurahi, nikaona na uchungu pia, maana Bi Zuhura alikufa bila kuisikia.

Ahadi ni deni, mwanangu, na hili halilipwi kwenye kumbi za mjini, kule Shangani. Hulipwa huku. Mkutano ukiitishwa wakati wanawake wako shambani, omba usogezwe, hata wakikuona msumbufu. Wakizungumzia askari, uliza kama yupo wa kike, ambaye binti atamweleza jambo asiloweza kumwambia baba yake. Na mgeni aliyevuka mto, awe na kitambulisho au asiwe nacho, msikilize kwanza kabla hujamsemea, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akikupa siri yake, peleka haja yake mbele ya watu, jina lake uliache nyumbani. Wala usingoje woga uishe. Mimi niliungoja, ukazeeka pamoja nami. Sema huku unaogopa, mwanangu, watakusikia vilevile.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mpole usiopinda. Akulinde wewe, na wa upande huu, na wa upande ule, na kila binti ashukaye mtoni alfajiri arudi kwao salama, ndoo yake imejaa. Amina.