Goti lilivimba, nikashtakiwa kuleta ugonjwa wa zinaa kutoka Salama

Wakuu, salamu popote mlipo. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi, yana chumvi ya kutosha.

Ni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumbani ni Kasikeu, kazi ni mji wa Salama, kuziba pancha za malori pale barabara kuu. Jumamosi narudi kwa Mama Mutua, mke wangu, niliyemuoa kutoka Kitui.

Mnajua Salama ilikuwa na sifa gani. Madereva wanalala pale, baa hazifungwi. Na ukimwi ndio watu walikuwa wanautaja kwa kunong'onezana.

Sasa, Jumamosi moja tulikuwa na mwethya, ule umoja wetu wa kuchimba matuta shamba kwa shamba. Jua kali ajabu. Maji ya kunywa tulichota kwa shimo la mchangani, pale mtoni. Shimo la kunywa kwetu hufunikwa na miiba ili mbuzi wasiingie.

Siku hiyo miiba ilikuwa imesogezwa, na mavi ya mbuzi yako pale pale. Tukayapangusa kando, tukanywa. Kiu haina adabu.

Kundi zima matumbo yalituendesha. Tukachekana, ikaisha, nikarudi kazini.

Wiki kadhaa baadaye niliamka goti la kulia limejaa kama boga. Kisigino kinauma. Macho mekundu. Halafu, mniwie radhi wale mnaokula, kukojoa ikawa ni moto.

Nilijikokota hadi nyumbani. Kwa zahanati, yule mhudumu wa dawa alinitazama tu, akasema mbele ya mke wangu:

"Huu ni ugonjwa wa zinaa. Nyinyi watu wa barabara tunawajua."

Hakupima chochote!

Mama Mutua hakupiga kelele, na hapo ndipo niliogopa. Alingoja tufike nyumbani.

"Baba Mutua, umeniletea kifo kwa nyumba."

Niliapa. Mimi ni mtu wa hasira, na kushtakiwa kwa kitu sijafanya kuliniuma kuliko goti. Lakini kwa yale macho mekundu, hata wewe hungeniamini.

Akatuma neno Kitui, kakake akaja kumchukua. Kwetu, ndugu akija hivyo, mzaha umeisha. Kinachofuata ni kurudishiwa mbuzi za mahari, na ndoa imekufa.

Nilimwomba mke wangu kitu kimoja tu. Twende hospitali kubwa, nipimwe akiwa hapo, na majibu yakiwa mabaya aende, sitamfuata. Akakubali. Safari nzima alikaa na kakake, mimi hata hakunitazama.

Daktari alichukua damu na mkojo, akavuta maji gotini kwa sindano. Wakuu, nilijua sina hatia lakini bado niliogopa. Je, maabara ikikosea?

Mwishowe akatuita wote wawili.

"Ugonjwa wa zinaa hakuna. Ukimwi hakuna. Na haya maji ya goti hayana mdudu hai. Mzee, kabla ya haya, tumbo lilikusumbua?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama Mutua ndiye alijibu, polepole.

"Tuliendesha sisi wote, daktari. Ni maji ya mtoni. Hata mimi."

Daktari akasema bakteria walikuwa tumboni na huenda walishakufa, lakini vipande vya miili yao vinaweza kubebwa na damu mpaka kwa joint, pale mifupa inapoungana. Mwili ukiviona unadhani vita bado, unaendelea kupigana, goti linavimba. Macho na mkojo ni moto huo huo. Alisema wataalamu bado wanachunguza mengine.

"Na mbona magoti yangu ni sawa?" Mama Mutua aliuliza.

"Miili haifanani, mama."

Tukatoka. Kakake alikuwa mlangoni.

"Twende?" alimuuliza dadake.

"Shika huo mkono wake mwingine," Mama Mutua akamwambia. "Hawezi kutembea peke yake."

Nililia pale pale kwa korido, mtu mzima na ndevu zangu.

Goti lilichukua miezi kupoa. Nilichojifunza ni hiki: joint ikivimba, mwambie daktari hata habari za tumbo la mwezi uliopita. Na mtu apimwe kwanza kabla hajahukumiwa.

Wenye kucheka chekeni. Lakini kama wewe pia uliwahi kushukiwa kwa sababu ya ugonjwa, hebu andika hapa chini, ni nani alikushika mkono?