Zabibu za Bosi kwenye Chumba cha Seva

Ukiniuliza kazi yangu ni nini, nitakwambia ni kulaumiwa. Mtandao ukiwepo, hakuna anayejua kama nami nipo. Ukikatika, hata mlinzi wa getini ananipigia simu. Nimesomea mitandao ya kompyuta chuo kikuu, shahada yangu iko ukutani kwenye fremu, lakini hapa Dodoma, kwenye ofisi yetu ya kuhakiki vyeti vya kuzaliwa, naitwa "yule wa net", na nikipita koridoni naitiwa printa iliyomeza karatasi.

Jengo letu ni jipya, vioo kila upande, utadhani aliyelichora hajawahi kulisikia jua la huku. Viyoyozi vya ofisini vilikufa mapema. Kikabaki kimoja, cha chumba cha seva, ambacho hakizimwi kwa sababu mitambo ikipata joto inajizima yenyewe. Basi chumba changu kikawa friji ya ofisi. Nilikuta chupa za maji juu ya seva, nikazishusha. Nikakuta keki ya kipaimara ya mtoto wa mhasibu, nikaifunika vumbi lisiingie. Mtu wa utawala aliniambia huwa anaingia kusali kidogo, lakini alikuwa akitoka na alama za kibodi shavuni.

Msimu wa zabibu ulipofika, bosi, ambaye ana shamba Makutupora kama wakubwa wote wa siku hizi, akaleta makreti. Yalikuwa ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, mwisho wa wiki. Akayapanga mpaka juu, mbele ya kiyoyozi. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba ubaridi ukizibwa, mitambo itapata joto na mtandao utakata. Alinitazama kwa huruma, akasema mashine isiyoweza kukaa na matunda siyo mashine ya kisasa.

Kesho yake mtandao ukakata. Safari hii watu wa kaunta hawakunitafuta hata kidogo. Walisimama wakawatangazia wananchi kwamba mkongo wa mtandao umekatwa Msalato, kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege, warudi kesho. Ofisini kwetu kila kitu hukatwa Msalato. Wachimbaji wa watu wanasingiziwa hata Jumapili, wakiwa kanisani.

Watu wakaanza kuondoka, isipokuwa mama mmoja mwenye mvi, mkulima wa Chemba, aliyekuwa benchi la mbele na cheti cha kuzaliwa cha binti yake kwenye mfuko wa nailoni. Kwake hakukuwa na kesho. Binti alichaguliwa chuo cha ualimu, dirisha la usajili lilikuwa linafungwa jioni ileile, na bila namba ya uhakiki kutoka kwetu nafasi ingekwenda kwa mwingine. Binti mwenyewe alikuwa Ipagala kwa shangazi yake, amekaa mbele ya kompyuta ya steshenari, anaingoja hiyo namba. Kila simu yake ilipoita, mama alimjibu kwa Kisandawe, kwa sauti ya kubembeleza, kisha akaifuta simu kwa kanga.

Nikampigia bosi kumwomba ruhusa ya kuyatoa makreti. Akasema yasiguswe, joto litaziharibu zabibu, wananchi wasubiri. Jamani, hasira zilinipanda nikahisi masikio yanawaka. Nikavua tai, nikakunja mikono ya shati, nikaanza kubeba.

Nilikuwa natoka na kreti la pili, jasho linanitiririka, mama wa Chemba akainuka, akakunja kanga yake ikawa ngata na kuniwekea kichwani. "Ukibeba hivyo utaumia mgongo," akasema. Nilipolitua, yeye akaliinua la tatu kabla sijamzuia. Makreti yakajaa koridoni, na waliokuwa wamebaki kwenye foleni wakaanza kuonja, kila mtu na kishada chake, kwa uhuru wa watu walioalikwa.

Chumba kikapoa. Nikawasha mitambo, nikasimama pale nikiziangalia taa kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Zikarudi kijani moja baada ya nyingine. Kaunta wakatangaza kwamba Msalato wameshaunga mkongo. Mama aliitwa wa kwanza. Akamsomea binti yake namba kwenye simu polepole, akairudia, kisha akakaa chini sakafuni akalia. Na mimi machozi yalinilengalenga, nikajifanya natafuta tai.

Bosi akaingia muda huohuo, uso umemvimba, na mtu wa kwenye foleni akanong'ona kwamba mwenye zabibu ndiye huyo. Kabla hajafungua mdomo mama alikuwa ameshasimama mbele yake, na kwa umri wake hakuna aliyeweza kumpita bila salamu. Bosi akatoa shikamoo.

"Marahaba, baba. Mtoto wangu amepata chuo. Umetufungulia mtandao, na zabibu umetugawia. Mungu akuzidishie."

Watu wakapiga makofi, midomo imejaa. Bosi aliyatazama makreti, akawatazama watu, akameza alichokuwa amekuja nacho. Akasema ofisi ipo kwa ajili ya wananchi.

Mama akachukua kanga yake, akaikung'uta vumbi, akanigeukia. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka shati lililolowa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na wewe mwanangu, usikate tamaa. Bado kijana. Nenda shule, utaacha hii kazi ya kubeba."

Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamwambia, "Asante mama, nitajitahidi."