Wimbo Nyuma ya Kamba

Leo gereji kulikuwa na kamba ya mkonge iliyolowa petroli. Harufu yake ikanirudisha utotoni, kwenye barabara ya Gatumba inayotoka mpakani.

Pikipiki ya mama ya magurudumu matatu ilizimika ikiwa imejaa magunia ya chumvi, nami nimekaa juu yake. Miguu ya mama ilikuwa imepooza, na askari walikuwa karibu kufunga barabara, kama kila jioni ya vita. Mwarabu mwenye duka mtaani kwetu alikuwa akitoka mpakani. Akatufunga kwa kamba ya mkonge nyuma ya pikipiki yake, atuvute.

“Mama, imba kwa nguvu. Mi siwezi kugeuka. Nisipokusikia nasimama, najua kamba imekatika.”

“Najua za kanisa tu.”

“Imba hizo hizo. Mungu ni mumoja.”

Mama akaimba, akigusa breki kidogo kidogo ili kamba isilegee. Kabla ya daraja risasi zikalia, na sauti yake ikakauka. Mwarabu akapunguza mwendo, pale pale ambapo hakuna aliyethubutu kusimama. Nikaudaka ubeti, nikaimba kwa kupiga kelele. Akaongeza mwendo.

“Unamuimbia nani, mama?” fundi wa gereji akaniuliza leo, aliponisikia nikiimba kando ya ile kamba.

Nikaendelea na ubeti; sikuthubutu kunyamaza.