Asidi Iliyoitwa Maji Machafu

Obure alikuwa akiosha vyuma kwa asidi katika karakana moja karibu na Kiptere. Asidi iliyokwisha kutumika aliimwaga kwa ndoo mtaroni, kama alivyoagizwa, ikateremka hadi shambani kwa mkewe, Nyambeki. Mboga za sukuma wiki zikakauka, kisha ng'ombe wao akafa.

Obure akamwita afisa wa mazingira.

"Mzee, wenye karakana wanaichanganya na chokaa kwanza ili kuondoa ukali," afisa akasema. "Kisheria hiyo si taka hatari tena, ni maji machafu ya kawaida."

"Mimi ndiye ninayeimwaga. Sijaona chokaa."

"Wao wametuambia wanaweka."

Afisa akaondoka. Kesho yake Obure akafutwa kazi, na mtu mwingine akapewa ndoo. Nyambeki aliliacha shamba, akaenda kuchuma majani ya chai katika mashamba ya watu.